Barua pepe zetu zinarudi, na mnunuzi anasubiri profoma

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa kikundi kidogo cha kubangua na kufungasha korosho hapa Mtwara mjini. Tuna barua pepe ya jina la biashara yetu, inaishia na .co.tz. Mwezi uliopita tulihamisha tovuti kutoka kampuni moja kwenda nyingine kwa sababu ya bei, na tangu hapo barua zangu zinarudi. Nikimtumia mtu wa Gmail inarudi dakika hiyohiyo na namba 550 5.7.26. Nikimtumia mnunuzi wetu aliyeko Ujerumani inarudi na 554 5.7.1, imetajwa Spamhaus na namba ya IP. Kwa wengine zinafika, na mimi napokea za kila mtu bila shida. Fundi alisema IP ya ofisi imefungiwa, tukanunua ruta mpya na laini mpya, lakini hali ni ileile. Mwenzangu anasema nitume tena na tena, ipo itakayopita. Mwenyekiti anasema tuachane nayo, tutumie Gmail ya bure. Msimu ndio huu na profoma haijamfikia mnunuzi. Tumekosea wapi?"

Marahaba, na pole sana. Najua msimu wa korosho haumsubiri mtu, na mnunuzi wa mbali asipopata jibu haraka hufikiri mmeuza kwingine. Kwa hiyo kabla sijaeleza lolote, leo hii mpigieni kwa namba ileile mnayotumia siku zote, mwambieni barua zenu zinarudi, kisha mtumieni profoma, yaani ile ankara ya awali, kwa WhatsApp. Jambo moja msilifanye: msimwandikie kutoka anwani mpya asiyoijua mkimpa namba ya akaunti ya benki. Wezi wa mtandaoni hufanya hivyohivyo, na mnunuzi makini atashtuka hata kama ni ninyi kweli. Akisikia sauti mnayofahamiana nayo, atatulia.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Ukisoma vizuri maelezo yako utaona una matatizo mawili, siyo moja. Gmail inakataa kwa sababu yake, seva ya Ujerumani inakataa kwa sababu nyingine kabisa. Yameonekana kwa pamoja kwa kuwa yote mawili yanatokana na kule kuhama, ndiyo maana fundi alipojaribu kuyatibu kwa dawa moja hakufanikiwa. Kosa halikuwa lako. Wewe umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeandika namba zilizorudi. Bila namba hizo ningekuwa nakubahatishia.

Nianze na ruta, maana hapo ndipo hela imekwenda. Barua inayorudi ndani ya dakika moja ikiwa na namba ni barua iliyofika mlangoni kwa mpokeaji, ikabishiwa hodi, ikajibiwa hapana. Intaneti yenu ingekuwa mbovu, barua ingebaki kwenye kikasha cha kutoka ikizunguka tu. Tena kompyuta yako haiendi Ujerumani yenyewe. Inaikabidhi barua kwa seva, yaani kompyuta ya huduma ya kampuni inayohifadhi tovuti yenu, kwa jina lako na nenosiri lako, kwa kawaida kupitia poti 587 au 465. Seva hiyo ndiyo inayokwenda kubisha hodi kwa mpokeaji, na mpokeaji huitazama IP yake, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Ruta ya ofisini haipo kabisa kwenye mazungumzo hayo. Kupokea nako ni njia nyingine yenye rekodi zake, ndiyo maana unapokea vizuri huku unachotuma kinarudi.

Kuna namna rahisi ya kuhakikisha. Fungua barua iliyorudi kutoka Ujerumani, nakili ile namba ya IP. Kisha, ukiwa kwenye mtandao wa ofisi, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Namba zikitofautiana, ruta haina hatia. Zikifanana, habari ni nyingine, nitaigusa mbele.

Ushauri wa kutuma tena na tena uache leo. Namba inayoanza na 4 maana yake ni "kwa sasa haiwezekani, jaribu baadaye", na seva yenyewe hurudia bila kuombwa, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Namba inayoanza na 5 ni katao la moja kwa moja. Kurudia barua ileile mara ishirini hakumlegezi mlinzi, kunakuchafulia jina, kwa sababu seva kubwa zinahesabu tabia ya kila mtumaji. Tarakimu zinazofuata zinaeleza zaidi: 5.1.1 kwa kawaida ni anwani ya mpokeaji haipo, pengine umekosea herufi moja, 5.2.2 ni sanduku lake limejaa; na zile zinazoanza na 5.7, kama zako zote mbili, zinahusu usalama na sera. Maana yake barua imeandikwa sawa, anwani ni sawa, ila mpokeaji hajaridhika na aliyeileta.

Kwa nini asiridhike? Kanuni za kusafirisha barua pepe, zile zinazoitwa SMTP, ziliandikwa mwaka 1982, wakati mashine zilizounganishwa zilikuwa chache na wenye kuziendesha walikuwa wakiaminiana. Hakuna mahali katika kanuni zile panapomlazimisha mtumaji kuthibitisha kuwa jina aliloandika ni lake. Hadi leo mtu yeyote anaweza kuandika juu ya barua kwamba imetoka kwenu, kama vile mtu yeyote anavyoweza kuchapisha karatasi yenye nembo yenu pale stesheneri. Uthibitisho uliongezwa baadaye, kipande kwa kipande, nao una sehemu tatu: SPF, DKIM na DMARC.

Tuseme lori la korosho limefika kwenye lango la bandari. Mlinzi ana orodha ya magari ambayo mwenye mzigo amesema yatabeba mzigo wake. Anaangalia namba ya gari, je, imo? Hiyo ndiyo SPF: mstari mmoja kwenye rekodi za kikoa chenu, yaani jina lenu la .co.tz ambalo wengi wanaita domeini, unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lenu. Kisha anazunguka nyuma kuangalia sili ya kontena. Je, ni ya mwenye mzigo, na haijakatwa njiani? Hiyo ni DKIM: seva yenu inaipiga kila barua muhuri wa siri, na mpokeaji anaulinganisha na ufunguo mliouweka hadharani kwenye rekodi hizohizo. Mwisho anatazama kama jina lililo kwenye hati ndilo lililo kwenye orodha au kwenye sili, na kama halilingani, mwenye mzigo alielekeza lifanywe nini: lipite, liwekwe pembeni, au lirudishwe. Hiyo ni DMARC.

Ninyi mmebadilisha gari. Orodha iliyoko langoni bado ina namba ya gari la zamani, na sili mpya haijafungwa. Kwa maelezo uliyonipa naliweka hilo mbele ya sababu nyingine zote kwa upande wa Gmail, kwa sababu 5.7.26 ndiyo namba ambayo Gmail huitoa isipoona uthibitisho unaoridhisha. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza: kila mtumaji, hata wa barua tatu kwa siku, anatakiwa awe na SPF au DKIM inayokubalika, na anayetuma kwa wingi (kwa Gmail ni barua zipatazo 5,000 au zaidi kwa siku) awe na zote mbili pamoja na DMARC. Seva nyingine bado hazijakaza kiasi hicho, na ndiyo sababu kwa baadhi ya watu zinafika. Waombe hao waangalie kama zinaingia kwenye folda ya barua taka. Nashuku baadhi ziko huko.

Kurekebisha kuna mtego mmoja ambao nimeona ukipoteza siku za watu, kwa hiyo nenda nao taratibu. Kwanza ujue rekodi za kikoa chenu zinahifadhiwa wapi. Kuhamisha tovuti siyo lazima kuwe kumehamisha rekodi. Kila kikoa kina seva za majina, yaani zinazotunza rekodi zake, kwa kawaida mbili au zaidi, na rekodi zinazosomwa na dunia ni zile zilizo kwenye seva hizo peke yake. Mara nyingi mtu anaingia kwenye paneli ya kampuni mpya, anaandika SPF nzuri kabisa, kumbe seva za majina bado ni za kampuni ya zamani. Amepaka rangi nyumba ya jirani. Waulize kampuni mpya swali hili moja: "Seva za majina za kikoa chetu zinaelekea kwenu?" Wakisema hapana, ama mzielekeze kwao baada ya kunakili rekodi zote za zamani, ama marekebisho yafanyike kulekule kwa zamani.

Ukishajua mahali, tafuta rekodi ya aina ya TXT, yaani ya maandishi, inayoanza na v=spf1. Lazima iwe moja tu. Sisitizo hili lina sababu: kampuni mpya ikiongeza mstari wake bila kuondoa ule wa zamani, mnakuwa na miwili, na kanuni inasema ikionekana miwili ukaguzi mzima unahesabiwa kuwa na kosa, hata kama kila mmoja peke yake ni sahihi. Iunganishwe kuwa mmoja, seva ya zamani itolewe, mpya iingizwe. Msirundike humo kila huduma mliyowahi kusikia, kwa maana mpokeaji akifuatilia mstari huo haruhusiwi kuuliza rekodi nyingine zaidi ya mara 10. Mkizidisha, nalo linahesabiwa kosa.

DKIM wataiwasha wao kwenye seva yao, kisha watakupa ufunguo wa kubandika kwenye rekodi. Ufunguo huo ni mrefu, na ule wa biti 2048 unazidi herufi 255 ambazo kipande kimoja cha TXT kinaweza kubeba, kwa hiyo hukatwa vipande viwili. Ukinakili kwa simu ukasahau mkia, sili haitalingana kamwe. Nakili kwa kompyuta. Na ombeni barua zipigwe muhuri kwa jina la kikoa chenu. Baadhi ya kampuni hupiga kwa jina lao wenyewe: sili ipo, ni halali, lakini ni ya mtu mwingine, na DMARC haitaikubali.

DMARC yenyewe anzeni nayo kwa upole. Iwekwe kwa p=none (lipite) pamoja na anwani ya kupokea ripoti, mkae wiki chache mkisoma ni seva zipi zinatuma kwa jina lenu, ndipo mpande hadi quarantine (liwekwe pembeni) na baadaye reject (lirudishwe). Anayekimbilia reject siku ya kwanza anaweza kuzuia barua zake mwenyewe. Nakumbuka ofisi moja ya ununuzi wa ufuta kule Lindi: SPF sawa, DKIM sawa, lakini ankara zilizoskaniwa bado hazifiki. Tulihangaika siku mbili hadi karani mmoja, kijana mtulivu aliyekuwa ameketi pembeni, aliposema kwamba hizo hazitumwi kwa kompyuta, zinatumwa na mashine ya skani. Mashine ile ilikuwa bado inatumia seva ya zamani kwa nenosiri la zamani. Kwa hiyo zunguka ofisini uhesabu kila kinachotuma barua: kompyuta, simu ya mwenyekiti, skana, fomu ya mawasiliano kwenye tovuti.

Mabadiliko ya rekodi huonekana baada ya dakika chache hadi siku moja au mbili, kutegemea muda uliowekwa kwenye rekodi ya zamani. Usibadilishe tena kila saa kwa kukosa subira, utashindwa kujua kipi kimefanya kazi.

Sasa Ujerumani. Spamhaus ni shirika linaloweka orodha za IP zinazotoa au zinazoweza kutoa barua taka, na seva nyingi duniani huziuliza orodha hizo kabla ya kupokea. Kama namba uliyonakili siyo ya ofisi yenu, basi ni ya seva ya kampuni mpya, na hapo ninyi mmeponzwa na majirani. Huduma ya bei nafuu huweka wateja wengi nyuma ya IP moja. Mmoja akiacha tovuti yake bila kuisasisha, wahalifu wakaingia na kuanza kutuma takataka, IP inaorodheshwa na wote mnakataliwa. SPF yenu hata iwe safi namna gani haitalitatua hili. Ndiyo maana nilisema matatizo ni mawili.

Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa ukaguzi wa Spamhaus, itakuambia ipo kwenye orodha ipi na kwa nini. Kusafisha seva na kuomba iondolewe ni kazi ya mwenye seva. Spamhaus hawatozi hela kuondoa namba, kwa hiyo anayekuambia umtumie kiasi fulani "akuondolee" anataka kukuibia. Wakiombwa kuondoa kabla ya chanzo kuzibwa, namba hurudi orodhani, na safari ya pili huwa ngumu zaidi.

Waandikie kampuni yenu hivi: "Barua zetu kutoka IP hii zilikataliwa tarehe hii, saa hii, na namba 554 5.7.1. IP imeorodheshwa Spamhaus. Tunaomba mtuambie chanzo ni nini, lini mtaiondoa, na kama mnaweza kutuhamishia IP nyingine kwa sasa. Pia hakikisheni IP hiyo ina rekodi ya PTR inayorudi kwenye jina la seva." Hiyo PTR ni rekodi ya kinyumenyume, kutoka namba kwenda jina, na ninyi hamuwezi kuiweka. Ambatanisha barua iliyorudi nzima, siyo picha ya nusu skrini. Majibu yao yatakuonyesha mmehamia kwa watu gani. Wakieleza na kurekebisha ndani ya siku mbili tatu, kaeni. Wakikuambia ubadilishe ruta, anzeni kufungasha.

Je, mwenyekiti ana haki kusema Gmail ya bure? Kwa dharura ya wiki moja, na mnunuzi akiwa ameambiwa kwa simu, sawa. Kwa biashara inayouza nje, sikushauri. Anwani ya bure yeyote anaweza kufungua inayofanana nayo kwa kuongeza herufi moja, na karani akiondoka anaweza kuondoka nayo. Na kuna kosa dogo la kuepuka: usiandike anwani ya @gmail.com kama mtumaji huku ukituma kupitia seva ya tovuti yenu. Seva hiyo haimo kwenye orodha ya Gmail, mtajitengenezea tatizo lilelile upya.

Njia ninayoipenda kwa kikundi kama chenu ni kutenganisha: tovuti ibaki hapo kwenye bei nafuu, barua pepe mzihamishie kwa huduma ya barua pekee, kama Google Workspace, Microsoft 365 au Zoho, mkilipia kwa kila anwani. Jina linabaki lenu la .co.tz. Ubaya wake ni gharama ya kila mwezi au mwaka, kwa kawaida kwa dola, na malipo yakisahaulika huduma inasimama katikati ya msimu. Kama mna anwani mbili tatu tu, kontena moja lililochelewa litawagharimu zaidi ya hapo. Mkishindwa kwa sasa, kurekebisha mlipo ni njia halali pia, mradi kampuni iwajibike. Ila kama kuna atakayewashauri mweke seva yenu ya barua hapo ofisini, mkataeni kwa upole. Umeme ukikatika seva inazima, laini za simu hugawana IP na mamia ya wateja wengine, na IP za aina hiyo huwekwa kwenye orodha ya Spamhaus iitwayo PBL. Hiyo siyo adhabu, ni tangazo tu kwamba namba hizo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja.

Sasa lile nililoahidi. IP iliyotajwa ikiwa ni ya ofisi yenu, ama programu ya barua imewekwa kutuma moja kwa moja kwa poti 25 badala ya kupitia seva kwa nenosiri, ama kuna kompyuta humo ndani ina kirusi kinachotuma barua msizozijua. Hapo usijitibu kwa kusoma. Ita fundi aje aketi mbele ya mashine. Vilevile ukianza kupokea marejesho ya barua ambazo hukuandika, au ukikuta barua ngeni kwenye folda ya zilizotumwa, au mnunuzi akisema amepata ankara yenye akaunti tofauti: badilisha nenosiri kutoka kifaa kingine, angalia kama kuna sheria ya siri inayopeleka nakala za barua zako kwa mtu, wapigieni benki yenu na mnunuzi siku hiyohiyo, na mkatoe taarifa polisi mkiwa na vielelezo.

Safari nyingine ya kwenda ana kwa ana ni hii: jueni kikoa chenu kimesajiliwa kwa jina la nani. Nimekutana na vikundi vingi ambavyo jina lao liko kwenye akaunti ya kijana aliyewatengenezea tovuti, na kijana kashahamia Dar es Salaam. Kama ndivyo ilivyo kwenu, mtafuteni kwa heshima, mkae naye na msajili, yaani kampuni iliyosajili kikoa, mhamishe umiliki kwa jina la kikundi kabla ya kugusa seva za majina.

Rekodi zikishakaa, tuma barua moja fupi kwenda anwani ya Gmail ya mtu wa karibu. Aifungue kwa kompyuta, abonyeze vitone vitatu pembeni, achague kuiona ilivyo asili. Juu kabisa ataona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja na jibu lake. Ikipita mitatu, mtumie mnunuzi barua fupi isiyo na viambatisho, na ikifika ndipo profoma ifuate. Ukiwa na picha nyingi za mzigo, kumbuka kiambatisho huvimba kwa takriban theluthi moja kikisafiri, kwa hiyo megabaiti 20 hukaribia 27, na wapokeaji wengi huishia 25 au chini ya hapo. Mmoja wa mistari mitatu ukishindwa, niandikie mstari huo wote ulivyo, pamoja na tarehe mliyobadilisha rekodi.